Tukae Tena Tujifunze, Wana Mbangala

Nani kati yetu hapa Mbangala hajawahi kuambiwa kwamba zebaki ina madhara? Tumeambiwa mno. Lakini dhahabu iliyoshikana na zebaki ikishakamuliwa kwenye kitambaa, bado wapo wanaoichoma juu ya jiko la mkaa, uani, watoto wakicheza pembeni.

Sidhani kama ni ukaidi. Nani huacha kazi aliyoizoea mkononi kwa kusikia tangazo moja?

Wazee wetu wanalijua hili. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipoingia vijijini mwaka 1973, watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, na anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu. Wakaulizana: haya maradhi hapa kwetu yanatoka wapi? Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Haikuwa lazima kiongozi wa kikundi awe daktari. Alikuwa jirani yao tu, na jembe alilishika kama wao. Wengi wa wanakikundi walikuwa watu wazima waliotoka kufundishwa a, e, i, o, u ukubwani, wala hawakuona haya.

Je, sisi tutashindwa?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, hivyo matumizi ya zebaki hayana budi kupungua. Kwa sasa ipo retoti: chombo kinachofungwa, mvuke ukapita kwenye bomba, ukapoa na kurudi kuwa zebaki. Unalinda mapafu, na zebaki yako unaikusanya tena badala ya kununua nyingine. Hasara iko wapi?

Mama, nguo za kazini zifuliwe peke yake, na sufuria iliyochomewa dhahabu isirudi jikoni kamwe. Mjamzito na watoto wakae mbali kabisa. Wewe mwanafunzi, msomee bibi yako maelezo ya retoti kwenye simu. Akiuliza mara tatu, mjibu mara tatu. Na sisi tuliozeeka kwenye duara la machimbo tukubali kuelekezwa na kijana. Hilo ndilo gumu kuliko yote, najua.

Nawe mwenye karasha, watu wanakusikiliza. Jumamosi hii, kabla mashine haijawashwa, wakalishe vijana wako nusu saa na uwaulize: ule mvuke tusiouona unaishia wapi? Kisha uwe wa kwanza kutumia retoti, mbele yao.