UKURASA WA NYUMBANI: Majirani Wanaomfaa Samaki Malaika

Mama mmoja ametuletea barua ya masikitiko. Katika tangi lake la kioo alikuwa na samaki kumi na wawili waitwao neon, wale wadogo wenye mstari wa buluu ung'aao, pamoja na samaki malaika wawili aliowanunua wangali wachanga, mfano wa sarafu. Miezi sita ilipita kwa amani. Kisha kila baada ya siku chache kulikucha neon mmoja hayupo; hapana mzoga, hapana hata gamba. Mama akamshuku mtoto wa dada yake, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalisha. Mtoto aliapa kwamba hakuwagusa, asisadikiwe, akaadhibiwa. Sasa mtoto amekwenda kwao likizo, na samaki wanazidi kupungua. Wamesalia watatu. "Je, mwizi ni nani?"

Mwizi, mama, ni huyo malaika.

Jina lake lisikudanganye. Samaki huyu, ambaye wataalamu humwita Pterophyllum scalare, asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini, naye ni wa ukoo mmoja na perege wetu. Ana mwendo wa madaha, lakini ni mwindaji. Mwili wake hufikia urefu wa sentimita 15, hali neon hazidi sentimita 4. Wanapokuwa wachanga hukaa pamoja salama. Malaika akishakua, kila kiingiacho kinywani mwake ni chakula, na neon aliyepumzika usiku ni windo jepesi.

Basi atakaye kumchagulia malaika wenzi hana budi kutazama mambo matatu.

Kwanza, kimo. Mfae kwa samaki asiyemezeka. Yuko samaki mzuri wa bonde la mto Kongo, Phenacogrammus interruptus, ambaye dume lake hufika sentimita 8 na magamba yake humeta rangi za upinde wa mvua. Awekwe kwa kundi, sita au zaidi. Chini ya tangi, kambare wadogo waitwao Corydoras hufaa sana: huokota makombo mchangani wala hawana ugomvi.

Pili, tabia. Mapezi ya malaika ni marefu kama shela, na wako samaki wasioweza kuyaona wakayaacha. Yule mwenye milia atokaye Sumatra na Borneo, Puntigrus tetrazona, huyadokoa hata yakawa matambara, na majeraha yakaingia ukungu. Malaika naye ana ukali wake: wawili wakifanya jozi na kutaga mayai, huwafukuza wengine wote. Kwa hiyo tangi liwe kubwa, lenye kina kisichopungua sentimita 45 na mimea mirefu ya kujificha. Malaika waingizwe mwisho, wenzao wakiisha kuzoea makao.

Tatu, maji. Hapa ndipo wakosapo wengi wetu tuishio karibu na Ziwa Tanganyika. Huwaona samaki wa ziwani walivyo wazuri, wakawatia pamoja na malaika. Samaki hao wamezoea maji yenye madini mengi, ambayo pH yake hukaribia 9. Malaika hustawi katika maji laini, pH kati ya 6 na 7.5. Joto la nyuzi 26 huwafaa wote, lakini maji hayo mawili hayapatani: mmoja akistarehe, mwenziwe ataugua. Samaki wa ziwani watengewe tangi lao wenyewe.

Wewe mama, watoe leo hao neon watatu. Watie katika chombo chao, au mpe jirani mwenye samaki wadogo. Usiwatupe mtoni wala ziwani, kwa maana samaki mgeni aweza kuleta maradhi na kuwadhuru wenyeji.

Limebaki jambo la mtoto. Usingoje likizo iishe. Mwandikie, au umwendee, ukamwambie waziwazi kwamba alisema kweli nawe ulikosea. Akirudi, mwende pamoja dukani, achague yeye samaki wa kujaza nafasi iliyobaki. Kisha umrudishie kopo la chakula, aendelee kuwalisha kama zamani.