Nyasi Hazijui Mwisho wa Mkataba

Ukitoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Mwatate, Bura na Maktau, kilima cha Salaita hujitokeza peke yake katika nyika, kifupi kuliko jina lake. Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa ndio kwanza wanaionja vita ya huku walijaribu kukitwaa kutoka kwa Wajerumani wa Meja Kraut, wakarudishwa nyuma, na kama si askari wa Kibaluchi kutoka India wangeangamia wengi zaidi. Kilomita chache mbele, mjini Taveta, yapo makaburi ya vita hiyo. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado panapaliliwa, ua unapunguzwa, mawe yamesimama kwa mistari. Ardhi ni hii hii yetu, jua ni hili hili, na uhaba wa maji ni huu huu tunaoulalamikia kila siku.

Nayataja makaburi hayo kwa sababu yanaisuta imani moja iliyoota mizizi Voi na katika kila mji wa Kenya wenye raundiabauti na bustani mbili tatu. Imani yenyewe husema hivi: bustani ni kazi ndogo, mfanyakazi wa kanjo ni mvivu, basi toa tenda, mpe mkandarasi, mji utapendeza na pesa za umma zitaokolewa. Nimeisikia kwa wenye maduka, kwa wanasiasa, hata kwa marafiki ninaowaheshimu. Naiona ni imani potofu, na inayoilipia ni miti yetu.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo mambo huharibika kabla jembe halijashikwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Bajeti ipite, pesa zitoke Nairobi, tenda itangazwe, zabuni zifunguliwe na kutathminiwa, aliyekosa akate rufaa, mkataba utiwe saini. Mvua haingoji mlolongo huo. Huku kwetu bondeni, mbali na milima ya Wundanyi inayonasa ukungu, mvua ya kutegemewa ni ya vuli, na Novemba ndiyo moyo wake. Masika yanaweza kupita Voi kama mgeni aliyekataa kuketi. Mche wa mwarobaini uliotiwa ardhini mwanzoni mwa Novemba unaingia kiangazi cha Januari ukiwa umeshika. Uliopandwa mwishoni mwa Januari, kwa sababu saini ilipatikana wakati huo, unahitaji kumwagiliwa kila baada ya siku chache hadi mvua irudi, na kazi hiyo aghalabu haimo katika orodha ya kazi. Orodha huhesabu mashimo yaliyochimbwa na miche iliyopandwa. Miche iliyo hai mwaka mmoja baadaye haihesabiwi na yeyote.

Niliwahi kuishi katika mji mmoja wa pwani ambako nililiona jambo hili kwa macho yangu. Vijana walishushwa kutoka kwenye lori, wakachimba mashimo yasiyofika hata magotini, wakapanda, wakapigwa picha. Hakuna aliyekwatua, hakuna aliyetia samadi, hakuna aliyezungushia miiba kuwazuia mbuzi. Kufikia Machi vilibaki vijiti. Mwaka uliofuata vijana wengine, wa mkandarasi mwingine, walichimba palepale. Wale vijana sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo, maana walikuwa vibarua wa siku, na kesho yao haikuwa kwenye ile barabara.

Nairobi nako hakujasahaulika. Julai 2015, Barack Obama akiwa njiani kuja, kaunti ilipanda nyasi kando ya barabara kwa haraka ya siku chache, na wananchi wakazibatiza jina la gavana wa wakati ule, Evans Kidero. Watu walizizungumzia kwa kicheko. Mimi niliona huzuni, kwa sababu mji mzima ulikuwa umekiri hadharani kwamba kijani chake ni cha kumpokea mgeni na si cha kuishi nacho.

Wanaoitetea tenda hupenda kutuambia kwamba ndivyo wanavyofanya walioendelea. Basi na tuitazame Uingereza. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1988 ilizilazimisha halmashauri kushindanisha kazi kadhaa kwa tenda, na utunzaji wa bustani na viwanja ulikuwa mojawapo. Ikawa kazi inapimwa kwa mita za nyasi zilizokatwa na idadi ya mara zilizokatwa. Maua yanayotaka mkono wenye ujuzi yaliondolewa taratibu, yakabaki majani ambayo mashine inaweza kuyapitia bila kusimama. Watunza bustani waliojua kila mti wa mtaa wao walitoweka, na pamoja nao nafasi za vijana kujifunza kazi chini yao. Mwaka 1999 kamati ya bunge lao ilisikitikia hali ya bustani za umma nchi nzima, na mwaka huohuo sheria mpya ilipitishwa ya kuuondoa ule ulazima. Walijaribu kwa zaidi ya miaka 10, wakiwa na mvua ya kila wiki na hazina nene. Sisi tunataka kuyarudia hayo hapa nyikani.

Najua jibu ninalongojewa nalo. Kanjo ya zamani ilikuwa na wafanyakazi hewa, wengine wakilipwa kwa kulala chini ya mkwaju. Ni kweli, na sitaki kuifunika aibu hiyo. Lakini nauliza: mkandarasi atasimamiwa na nani? Atasimamiwa na ofisi ileile iliyoshindwa kumwamsha mtu aliyelala chini ya mkwaju. Tenda haiondoi kazi ya usimamizi, huiongeza. Mfanyakazi wako ukimkuta hajamwagilia saa moja asubuhi, unamwita na kumwambia. Mkandarasi asipomwagilia, unahitaji mtu anayejua mche wenye kiu unafananaje, aandike ripoti, aikubali barua ya utetezi au aikatae, na awe na ujasiri wa kuzuia malipo ya mtu ambaye huenda alifanya kampeni upande ulioshinda. Mji usio na mtaalamu hata mmoja wa mimea hauna jicho la kukagua kazi hiyo. Unalipa kwa picha. Kigali, wanakotutajia kila mara, wamepata kutumia kampuni na vikundi katika usafi na bustani za mji wao, lakini huko kuna macho yanayopita kila siku, na hayo macho ni ya mji wenyewe.

Wapo pia wanaosema tenda ndogo ndizo riziki ya vijana na akina mama, kwa kuwa sheria ya ununuzi ya 2015 iliwatengea asilimia 30 pamoja na watu wenye ulemavu. Hoja hiyo inanigusa. Ila tuwatazame usoni vijana hao. Kikundi kinakopa kununua mafyekeo na mafuta ya mashine, kinafyeka miezi mitatu, kisha kinaingia kwenye foleni ya wanaozidai kaunti. Katikati ya 2024 madeni hayo ya kaunti zote kwa wauzaji na wakandarasi yalikuwa yamevuka shilingi bilioni 150. Kampuni kubwa huvumilia. Kikundi cha mtaa wetu wa Kaloleni au Sofia hapa Voi kinavunjika, wanachama wanagombana, deni linabaki kwa mweka hazina. Kijana akipewa ajira ya kutunza kitalu cha mji, mwisho wa mwezi analipwa, na baada ya miaka mitano anajua kuunganisha, kupogoa na kutambua ugonjwa wa jani kabla haujasambaa.

Narudi Taveta. Makaburi yale yako chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917. Duniani kote Tume hiyo ina watunza bustani wake, na mahali pengine hutumia wakandarasi. Kinachoyaweka makaburi safi ni kwamba ahadi yake haina tarehe ya mwisho. Yuko mwenye kujibu, leo na miaka 50 ijayo, kama jiwe limelala au kama ua umekauka. Mji wa Voi haujawahi kutoa ahadi ya namna hiyo kwa mti hata mmoja, ingawa Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti bustani na sehemu za kupumzikia.

Na utunzaji huo wa Taveta una doa lisilofutika kwa ufagio. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa Afrika Mashariki walikuwa wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walibeba risasi na unga kupitia nyika hii, wakafa kwa kuhara na malaria, wakafukiwa kando ya njia. Ukitaka kujua mtu amethaminiwa kiasi gani, tazama nani amepewa mtunzaji na nani ameachiwa magugu. Wajukuu wa wapagazi hao ndio sisi, na leo tunaambiwa turidhike na mfyekaji wa miezi mitatu.

Kwa hiyo ninachokidai si kikubwa. Kabla tenda nyingine haijatangazwa, bajeti ya mji iwe na watunza bustani wanane wa kudumu na msimamizi aliyesomea kazi hiyo, kitalu chenye tangi lake la maji, na miche ya mwarobaini na mkwaju itakayokuwa tayari ifikapo Oktoba. Mkandarasi aitwe kujenga ukuta au kuchimba mtaro, kisha aende zake. Miche ya kwanza isipelekwe kwenye raundiabauti. Ipelekwe Salaita, ipandwe kando ya barabara chini ya kilima kwa ajili ya wapagazi, izungushiwe miiba ya kuwazuia mbuzi, na mmoja wa wale wanane apewe baiskeli na madebe mawili.