Kihika na kiti cha ugavana Nakuru kisichokaliwa mara mbili

TANGU serikali za kaunti zianze kazi mnamo Machi 2013, Kaunti ya Nakuru imepata magavana watatu, na kati ya wawili waliotangulia hakuna aliyepewa muhula wa pili. Bw Kinuthia Mbugua, aliyekuwa kamanda wa Polisi wa Utawala kabla ya kujitosa katika siasa, aliangushwa katika mchujo wa chama cha Jubilee mnamo 2017. Aliyemwangusha, Bw Lee Kinyanjui, alibwagwa naye katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022. Mshindi wa mwaka huo, Bi Susan Kihika, ndiye anayekabiliwa sasa na swali ambalo wenzake wawili walishindwa kulijibu.

Ni swali linaloulizwa kwa namna ya pekee katika mitaa kama Kiamunyi. Mtaa huu umo kando ya barabara ya kutoka mjini Nakuru kuelekea Kabarak na Eldama Ravine, chini ya mlima Menengai, katika eneobunge la Rongai. Yaliyokuwa mashamba yamegeuka kuwa ploti, na ploti zimegeuka kuwa nyumba za mawe zenye malango ya chuma. Wenyeji wake ni mchanganyiko wa wastaafu, walimu, wafanyabiashara na wafanyakazi wa serikali kutoka jamii mbalimbali. Ni watu waliojenga kwa akiba zao wenyewe, kisha wakakaa kungojea barabara, maji na majitaka yawafuate. Huduma hizo zinakwenda mwendo wa kobe. Gari likiacha lami na kuingia ndani ya mtaa, vumbi hutimka kiangazi na matope hunasa magurudumu masika. Si ajabu kwamba jina lenyewe la Nakuru huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Mwanasiasa anayetoka bungeni na kutaka kuongoza kaunti hupimwa na mambo kama hayo. Hotuba alizotoa katika ukumbi wa Seneti hazimsaidii sana hapo.

Bi Kihika hakuingia katika siasa akiwa mgeni. Marehemu babake, Dickson Kihika Kimani, alikuwa mmoja wa wanasiasa waliovuma zaidi Nakuru katika enzi ya Mzee Jomo Kenyatta. Jina lake lilijengwa na kampuni ya kununua mashamba ya Ngwataniro-Mutukanio, iliyokusanya akiba za maelfu ya watu wasio na ardhi na kununua mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi. Kwa nguvu hizo aliingia bungeni mnamo 1974 kuwakilisha Nakuru Kaskazini, na katika miaka ya 1990 akarudi kwa tiketi za Laikipia Magharibi na Molo.

Mzee Kihika pia alikuwa katika mstari wa mbele wa vuguvugu la 1976 la kubadilisha Katiba, lililozinduliwa kwa mkutano wa hadhara papa hapa Nakuru. Shabaha yake ilikuwa kumzuia makamu wa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kurithi madaraka moja kwa moja iwapo Mzee Kenyatta angefariki. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliuzima moto huo Oktoba mwaka huo kwa kuonya kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa linaloweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Moi alipoingia Ikulu mnamo 1978, nyota ya waasisi wa vuguvugu hilo ilififia.

Historia hii ina uzito wake. Baba alijaribu kuwafungia Wakalenjin mlango wa Ikulu. Binti alipata ugavana miaka 46 baadaye kwa kushikana mikono na Mkalenjin aliyekuwa akiutafuta urais. Katika kaunti ambayo damu ilimwagika Januari 2008 kati ya majirani wa jamii hizi mbili, na kabla ya hapo katika machafuko ya miaka ya 1990, mabadiliko hayo si madogo hata kidogo.

Njia yake mwenyewe ilianzia mbali. Alisomea sheria nchini Marekani na kufanya kazi ya uanasheria katika jimbo la Texas kabla ya kurejea nyumbani kuelekea uchaguzi wa 2013. Mwaka huo madiwani walimchagua kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Kaunti ya Nakuru. Yafaa ikumbukwe kuwa spika wa kaunti hachaguliwi na umma, huchaguliwa na wawakilishi wa wadi, na Nakuru ina wadi 55. Kiti hicho kilimfunza hesabu ya kura chache zenye bei kubwa. Pia kilimwonyesha kwa karibu jinsi gavana anavyoweza kukwamishwa na bunge lake mwenyewe.

Mnamo 2017 alipanda ngazi na kuwa Seneta wa Nakuru kwa tiketi ya Jubilee, kisha akateuliwa kiranja wa wengi katika Seneti. Hapo ndipo taifa lilipomfahamu. Ilikuwa ni miaka ya maafikiano ya Machi 2018 kati ya Rais Uhuru Kenyatta na Bw Raila Odinga, na chama tawala kilikuwa kikipasuka katikati. Bi Kihika alisimama na Naibu wa Rais, Bw William Ruto, na akawa sauti mojawapo kuu ya kundi la viongozi wanawake lililojiita Inua Mama.

Gharama yake aliilipa Mei 11, 2020. Mkutano wa maseneta wa upande wa walio wengi uliofanyika katika Ikulu ulimwondoa Bw Kipchumba Murkomen katika wadhifa wa kiongozi wa wengi, na Bi Kihika katika ule wa kiranja. Wawili hao walipinga wakidai taratibu hazikufuatwa, lakini Spika Kenneth Lusaka aliyaidhinisha mabadiliko hayo. Nafasi ya Bi Kihika ilichukuliwa na Seneta wa Murang'a, Bw Irungu Kang'ata. Siasa ina vitimbi vyake: haukupita mwaka kabla Bw Kang'ata naye hajavuliwa wadhifa huo, baada ya kumwandikia Rais barua ya kumtahadharisha kwamba mpango wa BBI haukuwa na umaarufu Mlima Kenya. Wote wawili, aliyetimuliwa na aliyemrithi, walichaguliwa magavana Agosti 2022 kwa tiketi ya chama kimoja, UDA.

Je, useneta humwandaa mtu kuwa gavana? Kikatiba, Seneti hulinda maslahi ya kaunti, hugawa mapato na kufuatilia matumizi. Kwa vitendo, seneta huuliza na kamati huandika. Mfano ulio karibu ni mkasa wa bwawa la Solai. Usiku wa Mei 9, 2018 kingo zake zilipasuka, maji yakasomba nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Seneti iliunda kamati maalumu, ikachunguza na kutoa ripoti. Hata hivyo, kesi ya jinai iliyofuata ilisambaratika Februari 2020 kwa sababu upande wa mashtaka haukuwa tayari, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru irejelewe. Jamaa za waliofariki walijionea wenyewe mahali mamlaka ya Seneti yanapokomea.

Mahali ambapo Seneti ilionyesha nguvu ni katika fedha. Mvutano wa 2020 kuhusu fomula mpya ya kugawa mapato uliendelea kwa vikao kadhaa, na maseneta watatu walikamatwa ukiwa bado haujapata suluhu. Fomula iliyopatikana mwishowe iliunufaisha mfuko wa Nakuru pakubwa: mgao wake ulipanda kutoka takriban Sh10.5 bilioni kwa mwaka hadi takriban Sh13 bilioni, wa pili kwa ukubwa baada ya Nairobi. Anayekalia kiti cha gavana Nakuru, basi, hawezi kuwaambia watu wa Kiamunyi kwamba kaunti yao imepunjwa. Maelezo mengine anaweza kuyatafuta.

Bi Kihika hayuko peke yake katika safari ya kutoka Seneti kwenda kaunti. Mnamo 2017 Bw Mike Sonko alifaulu Nairobi, Profesa Anyang' Nyong'o Kisumu, Bw Kiraitu Murungi Meru na Bw Stephen Sang Nandi. Mnamo 2022 walifuata Bw Johnson Sakaja, Bw Mutula Kilonzo Mdogo, Bw Kimani Wamatangi na Bw Kang'ata. Lakini si wote walivuka. Bw Cleophas Malala alishindwa Kakamega, na Bw Mithika Linturi akashindwa Meru hata akiwa na tiketi ya UDA katika eneo lililompigia Dkt Ruto kura kwa wingi. Bw Sonko, kwa upande wake, alivuliwa ugavana Desemba 2020, na miongoni mwa waliomhukumu walikuwemo waliokuwa wenzake katika Seneti.

Kampeni ya Nakuru ya 2022 ni funzo kwa yeyote anayeamini kwamba kazi hujiuza yenyewe. Bw Kinyanjui alikwenda kwa wapiga kura akiwa na hati ya jiji mkononi: Desemba 1, 2021 Rais Kenyatta aliutangaza mji wa Nakuru kuwa jiji la nne nchini. Miezi minane baadaye alipata kura zipatazo 225,000, naye Bi Kihika akapata zaidi ya 440,000. Pengo hilo haliwezi kuelezwa na barabara wala soko. Bw Kinyanjui alisimama na Jubilee ndani ya muungano wa Azimio, katika kaunti iliyokuwa imeamua kumfuata Dkt Ruto. Alikubali kushindwa bila kelele, jambo ambalo ni nadra nchini na lililostahili sifa kuliko lilivyopata.

Wimbi hilo hilo lilimsomba Bw Raymond Moi, mwana wa rais wa pili wa Kenya, aliyekuwa mbunge wa Rongai tangu 2013. Alitetea kiti kwa tiketi ya KANU, katika eneobunge lenye boma la familia yake huko Kabarak, na akashindwa na Bw Paul Chebor wa UDA.

Lakini itakuwa si haki kumwona Bi Kihika kuwa mtu aliyebebwa tu. Alilichagua wimbi hilo lilipokuwa bado kijito, na akapoteza cheo kwa ajili yake. Tena wapiga kura wa Nakuru walifanya mwaka huo jambo ambalo chama hakiwezi kudai sifa zake zote. Walimchagua mwanamke kuwa gavana, Bi Tabitha Karanja kuwa seneta, na wanawake kuwa wabunge wa Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Kati ya kaunti 47, saba ziliongozwa na wanawake baada ya uchaguzi huo, ilhali mnamo 2013 hapakuwa na hata moja.

Baada ya kiapo, mizani iligeuka. Aliyekuwa mkaguzi akawa mkaguliwa. Mzozo wa serikali ya kaunti na hospitali ya War Memorial ulifika mahakamani na kuvuta macho ya taifa zima. Uwanja wa Afraha, uliobomolewa ili ujengwe upya enzi za mtangulizi wake, ulibaki deni mikononi mwake. Seneta Karanja, aliyeingia naye kwa tiketi moja, aligeuka kuwa mkosoaji wake hadharani. Hili la mwisho halipaswi kumshangaza: seneta wa Nakuru anayemkaba gavana anafanya kazi aliyopewa na Katiba, na kwa kawaida humkaba zaidi anapokitamani kiti chake.

Kinachomkabili zaidi ni kwamba wimbi la 2022 halipo tena kama lilivyokuwa. Bw Rigathi Gachagua, aliyekuwa nguzo ya muungano wa Mlima Kenya na Rais Ruto, aliondolewa unaibu wa rais Oktoba 2024, na ufa huo umepita katikati ya wapiga kura wa Nakuru. Bi Kihika amebaki upande wa Rais. Bw Kinyanjui, aliyemshinda, aliapishwa Januari 2025 kuwa Waziri wa Biashara na Viwanda katika serikali hiyo hiyo. Wapinzani wawili wa juzi wanakula katika chungu kimoja, na wapiga kura waliowagombania wamegawanyika.

Iwapo atatetea kiti chake Agosti 2027, tiketi ya UDA itakuwa bado na thamani Rongai, Kuresoi na sehemu za Njoro na Molo. Bahati, Subukia na Gilgil, huenda ikawa mzigo. Katikati kuna mitaa mchanganyiko ya kandokando ya jiji, Kiamunyi ikiwemo, ambako jamii zote zinakaa ukuta kwa ukuta na hakuna kambi inayoweza kudai kura zote. Huko, kwa mara ya kwanza tangu 2013, gavana anaweza kulazimika kuomba kura kwa hesabu ya mabomba ya maji na kilomita za lami, kwa kuwa jina la chama halitatosha.