Ubingwa wa Mfululizo, Sisi Je?
Simba walibeba ligi mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Yanga wakajibu kwa nne zao, 2022 hadi 2025. Bweni zima linabishana nani mkali. Sawa, lakini Geita Gold iko wapi? Msimu wa 2021/22 ilimaliza ya nne, na George Mpole wake akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mpole akasajiliwa Lupopo ya Kongo; 2024 timu ikashuka daraja, kama Stand United na Mwadui kabla yake. Kutetea taji kunataka uweze kuwabakiza nyota wako, na hiyo ni pesa. Wanachuo, dhahabu na almasi zinachimbwa kwetu, ila jezi tunanunua za Kariakoo. Tuanze kulipa viingilio nyumbani.