Mwanao na muziki wa Wajerumani: angalia sauti kwanza

Mwezi uliopita mama mmoja alinijia akiwa na kijana wake wa miaka 16. Kijana hakuwa na homa wala maumivu. Mama alisema tu kwamba mtoto "amebadilika". Akitoka shule anavaa spika za masikioni, analala chali kitandani na kusikiliza kitu ambacho mama alikiita muziki wa mashine, saa nzima bila mtu kuimba. Jirani mmoja alishamwambia hiyo ni bangi, mwingine akamwambia ni mapepo. Yeye alitaka nimpime mtoto akili.

"Hebu nami nisikie," nilimwambia kijana baada ya kuniamkia. Nilipoziweka zile spika masikioni niliruka kwenye kiti. Muziki wenyewe sikuwa hata nimeufikia. Sauti ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho.

Msomaji wangu, kama una kijana wa namna hii nyumbani, nikueleze kwanza anachosikiliza, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Ujerumani Magharibi waliozaliwa karibu na wakati wa vita hawakutaka kuiga roki ya Marekani na Uingereza, na nyimbo laini za wazazi wao hawakuzitaka pia. Wakaanza kujaribu. Kundi la Kraftwerk la Düsseldorf lilitoa "Autobahn" mwaka 1974, wimbo wa zaidi ya dakika 22 kuhusu kuendesha gari kwenye barabara kuu. Mwaka huohuo Tangerine Dream wa Berlin wakatoa "Phaedra", sauti za vinanda vya umeme zinazopanda na kushuka polepole. Kundi la Neu! lilikuwa na mpiga dramu, Klaus Dinger, aliyeshikilia pigo moja mbele kwa mbele kama treni. Kuna na Can wa Cologne, na Faust, ambao waliwahi kupanda jukwaani na mashine ya kutobolea zege.

Mimi ni mtu wa rumba na taarabu, sikufichi. Lakini nilisikiliza kwa wiki mbili nyumbani, kwa sauti ya chini, na sikuona ugonjwa wowote ndani yake. Kijana wa miaka 16 anayeweza kutulia dakika 22 akifuatilia kitu kimoja, wakati wenzake wanarusha video za sekunde 15 kwa kidole, mimi simpimi akili. Ninampima masikio.

Ndani ya kila sikio, kwenye kile kiungo kilichojikunja kama konokono, tuna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa kwa ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na ikiendelea huziua. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Mtu mzima akipandisha hadi desibeli 90, saa 40 zinabaki 4. Kwa wiki nzima, si kwa siku.

Hapa ndipo muziki huu una mtego wake, na huo ndio mzazi aujue. Wimbo wa dakika tatu huisha na sikio likapumua kidogo, lakini hizi kazi haziachii. Tena nyingi huanza kwa sauti ya chini kabisa. Kijana yuko kwenye daladala, injini inanguruma, konda anagonga bati, hasikii ule mwanzo, anapandisha. Dakika kumi baadaye muziki umejaa na kidole hakijarudi kushusha. Yule wa kwangu alikuwa akifanya hivyo asubuhi na jioni, kisha anafika nyumbani kwenye utulivu na kuendelea na sauti ileile. Usiku, aliniambia mama yake alipotoka nje kidogo, alikuwa akisikia mlio kama wa nyenje. Alidhani ni sehemu ya muziki.

Cha ajabu, mmoja wa watu wakubwa wa muziki huu alielekeza usikilizwe kinyume kabisa. Brian Eno, Mwingereza, aligongwa na gari London mwanzoni mwa 1975. Akiwa amelala anauguza majeraha, aliwekewa santuri ya kinubi, lakini sauti ilikuwa chini mno na spika moja haikufanya kazi. Hakuwa na nguvu za kuinuka kurekebisha. Akabaki anasikiliza kinubi kikichanganyika na mvua ya nje, na polepole akakubaliana nacho. Mwaka huohuo alitoa "Discreet Music", ambayo upande wake wa kwanza una kazi moja ya nusu saa, na aliandika kwenye jalada kwamba isikilizwe kwa sauti ya chini, hata ifikie mahali isisikike vizuri. Mwaka 1976 alikwenda kijijini Forst, Ujerumani, kufanya kazi na kundi la Harmonia. Mmoja wao, Hans-Joachim Roedelius, kabla ya muziki alikuwa mkandaji na mtoa tiba ya viungo. Na mwaka 2013 Eno huyohuyo alitengeneza chumba cha utulivu chenye muziki na picha katika hospitali moja ya Hove, Uingereza.

Habari hiyo ya kitandani ilinigusa kwa sababu yangu binafsi. Mwaka juzi nililazwa baada ya upasuaji wa ngiri. Juu ya mlango wa wodi kulikuwa na televisheni iliyowaka tangu alfajiri hadi saa tano usiku, vichekesho na matangazo kwa sauti ya baa, na rimoti hakuna aliyejua ilipo. Nami, mganga mzima, sikuweza kuinuka.

Kwa hiyo wewe unayesubiri kulazwa, sikia hili. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2015, uliojumlisha majaribio 73, ulionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji waliosikiliza muziki walipungukiwa na maumivu na wasiwasi, na walihitaji dawa za maumivu kidogo zaidi. Hawakuruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, hilo nalo tuliseme. Muziki hauchukui nafasi ya dawa yako. Lakini omba ruhusa uingie na simu na spika zako za masikioni, uchague mwenyewe, iwe kaswida, kwaya, au hao Wajerumani. Na mwombe muuguzi ile televisheni ishushwe. Ni haki ya mgonjwa, wala si kiburi.

Kwa mzazi: usiinyang'anye simu. Iwekeni pamoja sauti isizidi asilimia 60. Simu nyingi za kisasa zinakuruhusu kufunga kikomo hicho kwenye mipangilio. Njiani kwenye kelele, spika zivuliwe. Mtoto akilalamika mlio masikioni, au akianza kusema "ee?" kwa kila unalomwambia, mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo akapimwe. Na sikio likiziba ghafla ndani ya siku moja, usingoje wiki, nenda siku hiyohiyo, maana hapo tiba ina muda wake.

Kipimo cha yule kijana kilionyesha sikio la kushoto limeanza kupoteza sauti nyembamba. Kidogo, lakini limeanza. Mlio umepungua tangu aache spika. Sasa anasikilizia sebuleni kwenye redio ndogo, kwa sauti ya chini, na mama aliponipigia juzi alikuwa na lalamiko moja tu: "Daktari, huo wimbo wa barabara unaisha lini?"