Usiisimulie Bustani Usiyoiona

Iko biashara moja iliyoingia kati yetu sisi waalimu, nayo imenenepa kimyakimya mpaka sasa yatembea mchana bila haya. Ni biashara ya kuuza majibu. Sisemi majibu ya mtihani yaliyoibwa. Hayo yana polisi wake. Nasema majibu ya kinywa, yale yanayotungwa kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, ambao vijana wetu wengi huufanya wapate kwenda ng'ambo kwa masomo au kazi. Mwalimu huyatunga, huyauza katika kijitabu au huyapeleka kwa simu; mwanafunzi huyahifadhi kwa moyo; kisha huenda mbele ya mtahini akayamwaga kama mtu amwagaye mahindi kutoka guniani. Nasema waziwazi kwamba kazi hiyo si kufundisha. Ni kumtoza mwanafunzi fedha yake, na pamoja na fedha kumnyang'anya kinywa chake.

Kwa wasioujua mtihani huu nitaueleza kwa ufupi. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Sehemu ya kusema huchukua dakika 11 mpaka 14. Kwanza mtahini huuliza mambo ya kila siku: nyumbani kwako, kazi yako, chakula, bustani za mji wako. Pili humpa mtahiniwa karatasi yenye jambo moja, mathalani aeleze bustani aliyopata kuitembelea. Naye hupewa dakika moja ya kufikiri, kisha husema kwa dakika moja au mbili. Tatu mtahini huchimba zaidi, akauliza sababu na maoni. Alama huanzia 0 hadi 9. Muuguzi atakaye kuandikishwa Uingereza kwa njia ya mtihani huu hutakiwa kupata 7 katika kusema. Kwa hiyo dakika hizo chache si mchezo. Juu yake hukaa ada ya mtihani, mkopo, na tumaini la nyumba nzima.

Basi nisikilizeni habari ya muuguzi mmoja aliyenijia hapa Nairobi. Alikuwa amekwisha kufanya mtihani mara moja, akapata 5.5 katika kusema, naye hakujua kosa lake. "Mwalimu," akasema, "nalijibu kila neno kama nilivyofundishwa." Nikamwambia, "Haya dada, tujaribu. Je, wapenda kwenda bustanini?" Papo hapo akanyosha mgongo, akatazama ukutani, akaanza. Akasema kwa Kiingereza kizuri cha kitabuni kwamba karibu na kwake iko bustani yenye ziwa na mabata-maji meupe. Kwamba majani yakigeuka rangi ya dhahabu wakati wa kupukutika, moyo wake hutulia. Na kwamba kila asubuhi hukimbia humo pamoja na mbwa wake.

Nikamwuliza, "Bustani hiyo yaitwaje?" Kimya. "Mbwa wako je, jina lake nani?" Akacheka mpaka akafuta machozi, kwa maana hakuwa na mbwa, wala hajamwona bata-maji mweupe ila katika picha. Kumbe mtahini naye alimwuliza swali kama langu, na hapo ndipo gunia lilipopasuka. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wazee. Na njia ya mwongo aliyeandikiwa uongo wake na mtu mwingine ni fupi zaidi, maana hana hata uongo wa akiba.

Tukaacha Kiingereza kidogo. Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili, bila kupamba, kama huenda bustanini. Akasema, "Mwalimu, mimi nikitoka zamu ya usiku huenda Uhuru Park nikalala." Nikamwambia aendelee. Akanieleza jinsi anavyotoka hospitali asubuhi, macho yakimwasha. Jinsi anavyojua kwamba akifika nyumbani watoto hawatamwacha alale. Jinsi anavyochagua mti ulio mbali na wapiga picha, kwa sababu hao humwamsha wakidhani ametoka shamba kutembea. Akaweka mkoba chini ya kichwa, viatu chini ya mkoba, akalala saa moja. Akasema kelele za magari barabarani humfaa kuliko kimya, kwa kuwa wodini kimya humaanisha jambo baya.

Ndugu zangu waalimu, lipi katika majibu haya mawili lina thamani? Lile la mabata-maji lingeweza kusemwa na mtu yeyote, yaani halikusemwa na mtu. Hili la pili hakuna mtahini aliyepata kulisikia, wala hakuna swali juu yake ambalo mama huyu angeshindwa kulijibu. Hata hivyo lile la kwanza ndilo alilolilipia, na hili la pili ndilo alilofundishwa kulionea haya. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwalimu yule, ambaye simjui wala sitaki kumjua, alimfundisha kwamba bustani ya kweli iko Ulaya, na kwamba maisha yake mwenyewe hayafai kusemwa kwa Kiingereza.

Sasa nitajibu wale wanaoitetea biashara hii, kwa maana wana maneno matatu.

La kwanza, husema, "Mtahini hatajua." Atajua. Yeye husikia watu siku nzima, na kijitabu kimoja kikiuzwa kwa mia, mia hao wote humletea ziwa lilelile na mbwa yuleyule. Tena wenye mtihani wametangaza vipimo vyao bila kuficha. Hupima mambo manne: mwendo wa usemi na mpango wake, wingi wa maneno, sarufi, na matamshi. Hakuna kipimo cha tano cha uzuri wa bustani. Nayo maneno yanayoonekana kuwa yamehifadhiwa kwa moyo yametajwa katika maelezo ya alama 2 na 3, yaani huko chini kabisa, wanakokaa watu wasioweza kuunga sentensi. Mwalimu anayemhifadhisha mwanafunzi wake majibu humvika vazi la wale wa chini, kisha humtuma kuomba kiti cha wale wa juu.

La pili, husema, "Mwanafunzi ana haraka, hakuna nafasi ya kumfundisha lugha." Nami nauliza, haraka ya kwenda wapi? Muuguzi huyu ataka kwenda kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Siku moja saa nane za usiku mzee mmoja wa Uingereza atamwambia, kwa matamshi ya kijijini kwao, kwamba kifua chake si chake leo. Hapo kijitabu kitajibu nini? Kitamsimulia mzee habari za majani ya dhahabu? Mtihani ukidanganywa, gharama haifutiki. Hupelekwa tu kwa mwingine asiyekuwapo chumbani siku ile.

La tatu lina uzito, wala sitalidharau. Husema, "Mtihani wenyewe hauna haki. Mwanafunzi wa Kenya husoma kwa Kiingereza miaka mingi, akafanya mitihani yake karibu yote kwa Kiingereza. Mbona atozwe fedha kuthibitisha tena, na cheti chenyewe huhesabiwa miaka 2 tu?" Kweli, ni manung'uniko ya haki. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo serikali ya Uingereza huwasamehe raia wake kuonyesha ujuzi wa Kiingereza wanapoomba ruhusa ya kuingia. Anayetaka kuyapigania hayo na ayapiganie. Mimi nitatia sahihi yangu. Lakini dhuluma ya lango haiondolewi kwa kumpa msafiri ufunguo wa bati. Ufunguo utavunjika ndani ya kufuli, naye atabaki nje vilevile, pasipo fedha.

Tena tazameni hasara nyingine isiyoonekana upesi. Sehemu ya tatu ya mtihani huuliza mambo makubwa: Je, yafaa mji kutumia fedha kwa bustani? Je, ardhi ya bustani ichukuliwe kwa majengo? Hapo mwenye mabata-maji hana la kusema. Lakini Mnairobi ana la kusema kupita watu wengi wa duniani, iwapo tu mwalimu wake hakumfumba macho.

Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989, ndio mwaka uleule mtihani huu ulipoanza kuitwa IELTS, ilikusudiwa kujengwa ndani ya bustani ile mnara wa ghorofa 60, kwa ajili ya chama kilichotawala, KANU, na gazeti lake. Wangari Maathai alikataa. Aliandika barua huku na huku, na moja alimpelekea balozi wa Uingereza katika Nairobi, akimwambia kwamba kujenga mnara pale ni sawa na kuujenga ndani ya Hyde Park ya London au Central Park ya New York. Wabunge walimtukana, na chama chake cha Green Belt kikafukuzwa katika ofisi yake. Lakini wenye fedha wa ng'ambo walijitoa, na mnara haukujengwa. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Nishani ya Nobel ya Amani.

Tuuangalie Kiingereza cha barua ile. Wangari alianza kukipata kwa watawa wa misheni, Nyeri na Limuru, kisha akakikuza Marekani. Alipotaja Hyde Park hakuitaja ili aonekane mtu wa Hyde Park. Aliitaja ili mwenye Hyde Park aione Uhuru Park kwa macho ya haki. Lugha ya kigeni aliitumia kama jembe, akalima shamba lake mwenyewe. Sisi twawafundisha vijana kuivaa kama kofia ya kuazima, inayowashuka mpaka machoni.

Nilipomweleza muuguzi wangu habari hii, alinyamaza kitambo. Kisha akasema polepole, kwa Kiingereza chake mwenyewe chenye makosa mawili, kwamba basi nyasi zile anazolalia zilipiganiwa na mtu. Sijasikia jibu bora kuliko hilo, wala halikuandikwa mahali popote.

Kukosoa pasipo kujenga ni kazi ya uvivu, basi nitasema tunavyofanya mazoezi katika chumba changu. Kwanza, hatuandiki majibu. Mwanafunzi huenda mahali penyewe. Wa Nairobi aende Uhuru Park, au Jeevanjee akawasikilize wahubiri wa saa za mchana. Wa Unguja aende Forodhani magharibi, moshi wa mishikaki ukianza kupanda. Wa Dar es Salaam aende Mnazi Mmoja. Akae nusu saa, atazame, arudi na vitu vitatu alivyoviona kwa macho yake.

Pili, hunisimulia kwa Kiswahili au lugha ya kwao, nipate kujua kwamba ana jambo la kusema. Tatu, husimulia kwa Kiingereza dakika mbili, saa ikiwa mezani, nami simkatizi hata akikosea. Nne, mwenzake humwuliza maswali ambayo sikuyapanga: kwa nini? nani? na mvua ikinyesha je? Mwisho ndipo tunapotengeneza makosa, wala si yote. Mawili au matatu yanayorudi mara kwa mara. Siku ya pili husimulia habari ileile kwa maneno mengine, makusudi asiihifadhi.

Liko na jambo moja dogo la kuangalia. Kwa Kiingereza neno moja, park, hubeba bustani ya mji na mbuga ya wanyama pia. Mwanafunzi wa Arusha akiulizwa habari ya park akawaza Serengeti, asione haya. Na aseme, "Kwetu neno hili twalisikia kwanza kwa wanyama," kisha aeleze. Hapo amekwisha kuonyesha akili mbili, ya lugha na ya nchi.

Mtaniuliza, je, mama yule alipita? Mara ya pili alipata 6.5. Nusu alama ilimkosesha, naye alilia, nami sikuwa na neno tamu la kumpa. Lakini kutoka 5.5 alipanda kwa miguu yake, na hiyo nusu iliyobaki yajulikana ilipo: katika nyakati za vitenzi, na katika maneno machache anayoyameza mwisho. Mambo hayo hufundishika. Yule wa mabata-maji hakuwa na ngazi ya kupanda hata moja, maana hakuwapo.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na wanafunzi, mtu akija kuwauzia majibu, mwulizeni swali moja tu: "Bustani hii uliyoiandika, wewe umepata kuikanyaga?" Akibabaika, wekeni fedha zenu mfukoni. Na ninyi waalimu wenzangu, hatukupewa chaki ili tuwatie watu maneno yetu vinywani. Kasuku hufundishwa hivyo, naye hukaa kizimbani maisha yake yote, akisifiwa na wageni. Mwanafunzi wetu hataki sifa za wageni. Ataka mlango, na mlango huo hufunguliwa na mtu aliye na jambo lake mwenyewe la kusema. Mfundisheni kulisema.