Tuijue Dunia: Serikali Isiyokuwa na Mfuko



Mwezi huu twende Marekani, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Leo serikali kuu ya nchi hiyo ina nguvu nyingi. Lakini ilipoanza, ilikuwa haina hata fedha za kuwalipa askari wake. Majimbo ndiyo yaliyokuwa na nguvu. Je, mambo yaligeukaje? Hebu tufuate habari hii polepole.

Marekani ilianza kama makoloni 13 ya Uingereza. Mwaka 1776 makoloni hayo yalitangaza uhuru. Vita viliendelea mpaka mkataba wa amani ulipotiwa sahihi mwaka 1783. Kila koloni likawa jimbo lenye serikali yake.

Majimbo yalipigana vita pamoja, lakini hayakutaka bwana mpya. Watu walisema, tumemkataa mfalme wa Uingereza kwa sababu ya kodi zake, kwa nini tujiwekee mwingine? Kwa hiyo mapatano yao ya kwanza, yaliyoanza kazi mwaka 1781, yaliunda baraza la pamoja lililokuwa dhaifu. Baraza liliweza kufanya vita na kukopa fedha. Kutoza kodi halikuweza. Likitaka fedha, liliyaomba majimbo.

Je, umewahi kuwa mweka hazina wa kikundi? Kama umewahi, unaijua shida ya baraza lile. Unapita nyumba kwa nyumba na daftari lako. Huyu anakuambia njoo kesho. Yule anasema jirani yake atoe kwanza. Ndivyo majimbo yalivyofanya.

Baraza likaomba ruhusa ya kutoza ushuru mdogo tu kwa bidhaa zinazotoka nje: dola 5 katika kila dola 100. Ilikuwa lazima majimbo yote 13 yakubali. Mwaka 1782 Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikataa. Mpango ukafa hapo hapo.

Mwezi wa Juni 1783 askari waliokuwa wakidai mishahara yao waliizingira nyumba ya baraza mjini Philadelphia, bunduki mikononi. Wajumbe waliiomba serikali ya jimbo la Pennsylvania iwalinde. Haikutuma mtu. Basi wajumbe wakauhama mji. Fikiri, ndugu msomaji: baraza la nchi nzima linawakimbia askari wake lenyewe!

Mwaka 1786 shida ilihamia kwa wakulima wa Massachusetts. Walikuwa na madeni. Serikali ya jimbo lao nayo ilitaka kodi nzito, tena kwa fedha taslimu. Mkulima aliyeshindwa kulipa alishtakiwa, mali yake ikauzwa, au akafungwa. Wengi wao walikuwa wamepigania uhuru. Wakakusanyika na kuzuia mahakama zisifanye kazi. Kiongozi wao mmoja aliitwa Daniel Shays, aliyekuwa kapteni vitani. Januari 1787 walikwenda kuchukua silaha katika ghala la Springfield. Wakapigwa mizinga, na watu 4 wakafa. Jeshi lililowasaka baadaye lililipwa kwa fedha zilizochangwa na wafanyabiashara wa Boston, maana hazina ya baraza ilikuwa tupu.

Matajiri waliogopa. Kwa maoni yangu, hofu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko hoja za wasomi.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo wajumbe walianza kukutana Philadelphia. Kwa jumla walifika 55. Walifunga milango, wakajadiliana kwa siri mpaka Septemba. Rhode Island haikupeleka mtu. Hawakuwapo wanawake wala watumwa. Kwa kugawa viti vya Bunge, watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3, lakini kura hawakupewa. Tukumbuke jambo hilo tunaposikia katiba hiyo ikisifiwa.

Katiba mpya ililipa Bunge uwezo wa kutoza kodi lenyewe, bila kupitia majimbo. Sheria za serikali kuu zikawekwa juu ya sheria za majimbo. Safari hii haikuwa lazima majimbo yote yakubali. Majimbo 9 yalitosha, na yalipatikana mwaka 1788. Mwaka 1789 George Washington akawa rais wa kwanza.

Waziri wake wa fedha, Alexander Hamilton, alikuwa mtu wa akili nyingi. Mwaka 1790 alitaka serikali kuu iyachukue madeni ya vita ya majimbo, aliyoyakadiria kuwa dola milioni 25. Utauliza, nani anatafuta deni la mwenzake? Hamilton alijua kwamba mtu anayekudai hataki uanguke, kwa sababu ukianguka hatalipwa. Wenye kudai walikuwa matajiri. Sasa wangeitegemea serikali kuu, si majimbo. Virginia, lililokuwa limekwisha lipa sehemu kubwa ya deni lake, lilinung'unika sana. Likatulizwa kwa ahadi kwamba mji mkuu utajengwa kando ya mto Potomac, karibu nalo.

Deni likahitaji kodi. Mwaka 1791 Bunge likatoza kodi pombe kali iitwayo wiski. Waliobanwa hasa ni wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, nyuma ya milima. Nafaka yao ilikuwa nzito na njia zilikuwa mbaya. Kwa hiyo waliigeuza pombe, wakaipakia juu ya farasi. Wengine waliitumia pombe hiyo badala ya fedha. Na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu! Wakawapiga watoza kodi. Julai 1794 wakaichoma moto nyumba ya mkaguzi wa kodi, John Neville.

Washington hakuomba mchango. Aliita askari wa mgambo karibu 13,000 kutoka majimbo manne, naye mwenyewe akafuatana nao sehemu ya safari. Walipofika, waasi walikuwa wamekwisha tawanyika. Watu wawili walihukumiwa kufa kwa uhaini. Rais akawasamehe.

Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1802. Lakini wale askari walikuwa wa majimbo, na amri waliyoifuata ilitoka kwa rais. Ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu baraza liukimbie mji wa Philadelphia.

Mwezi ujao tutaona jinsi jimbo la Maryland lilivyojaribu kuitoza kodi benki ya serikali kuu, na jinsi Mahakama ya Juu ilivyolijibu mwaka 1819.